Mkalimani wa Mlango wa Kizazi

Wenzangu mnaobaki pale zahanati mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa kabla hamjaja. Nimekubali haraka kuliko mlivyotarajia, kwa sababu mwaka huu wa 2015 umeniachia furaha ambayo siwezi kukaa nayo ndani ya nyumba peke yangu. Sitaandika juu ya vyeo. Mkalimani hana cheo, ana masikio na mdomo, na siku nyingine hata hivyo viwili vinachoka. Nitaandika juu ya jambo moja tu katika mengi niliyoyatafsiri, lile lililonisumbua na kunifurahisha kuliko yote: kuwaeleza wanawake wa Nakivale habari za kirusi kinachoitwa HPV, kinavyoingia mwilini, kinavyokaa kimya miaka mingi, na namna ya kukizuia kabla hakijaleta saratani.

Kwetu ni Fizi, Kivu ya Kusini, nchini Kongo, na nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Vita vya 1996 vilitutoa, mimi, mume wangu na binti yetu Sifa, na mwaka uliofuata tukapewa kiwanja hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Tukapanda mahindi na maharage kama kila mtu. Zahanati sikwenda kutafuta kazi. Nilikwenda na Sifa, ana homa kali, tukapanga foleni. Mbele yetu alikuwa mama mmoja Mubembe, mimba ya miezi ya mwisho, na mbele yake amesimama muuguzi wa Kiuganda, mrefu, kofia imenyooka, anapiga kelele.

"Wewe! Kuja! Lala hapa! Maji imetoka ama bado?"

Yule mama hakuelewa maneno, ila sauti aliielewa. Akaanza kurudi nyuma pole pole kuelekea mlangoni. Nikamwambia kwa Kibembe kwamba muuguzi anauliza tu kama chupa imepasuka. Mama akacheka kwa aibu, akajibu, nami nikalipeleka jibu. Muuguzi akanigeukia.

"Wewe najua luga yake?"

"Najua."

"Simama hapa. Hapana toka."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Sifa alimezeshwa dawa ya malaria akiwa ameketi juu ya meza ya muuguzi, na mimi nilirudi nyumbani jioni sijui nimwambie nini mume wangu.

Muuguzi huyo ni Sista Medius, ambaye ninyi mmemkuta akiwa amepoa. Ni mtu wa Bwizibwera, kwao walikuwa wauza maziwa, na Kiswahili chake alikiokota kwa askari alipokuwa akifanya kazi karibu na kambi ya jeshi mjini Mbarara. Kwa hiyo hata "pole" ilitoka kinywani mwake kama amri ya gwaride. Lakini hakuna aliyenifundisha kazi kuliko yeye. Alinifundisha nikae nyuma kidogo ya bega la mgonjwa, nitazame sakafu, ili mgonjwa na muuguzi watazamane wao kwa wao. Mgonjwa akisema "mimi", niseme "mimi", si "huyu anasema". Akitukana, nitukane. Akinyamaza, ninyamaze. "Ile yeye nasema, wewe nasema," aliniambia. "Ile yeye hapana sema, wewe hapana ongeza." Na neno la chumba kile likifika sokoni, nisirudi kesho. Sheria hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, na mtaona ilivyonibana.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa saratani hii alikuwa Mama Nyota, mkulima wa upande wa Juru, mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Alitokwa na damu nje ya siku zake, kisha majimaji yenye harufu, na kanisani akaanza kukaa benchi la nyuma karibu na dirisha. Watu walisema amerogwa. Sista Medius alimpima mara moja tu, akavua glavu, akasema twende Mbarara, wote watatu.

Hospitalini tulipokewa na daktari mzee aliyesema Kiingereza taratibu ili nimfuate, maana Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la jioni la kanisa. Alitaja ugonjwa, nami nikautafsiri kama nilivyofundishwa: saratani ya shingo ya kizazi. Mama Nyota akashika koo lake.

"Lakini shingo hainiume, docta," akasema. "Ni huku chini."

Nilijua hapo hapo kwamba kazi yangu ilikuwa haijaanza. Nikamweleza upya, kwa mikono, na safari hii alielewa. Akateremsha mkono kutoka kooni. Kisha akauliza: "Nilifanya mubaya gani?"

Daktari alimjibu yeye, si mimi, akimtazama usoni. Hujafanya ubaya wowote, alisema. Kuna kirusi kidogo sana ambacho watu hupeana wanapolala pamoja, mke na mume. Karibu kila mtu hukipata wakati fulani maishani. Miili mingi hukifukuza yenyewe katika mwaka mmoja au miwili, mtu asijue hata kama alikuwa nacho. Kwa wanawake wachache hakitoki. Kinakaa pale pale miaka kumi, kumi na tano, hata zaidi, hakiumi, hakiwashi, kinaharibu ngozi ya ndani kidogo kidogo mpaka inageuka saratani. "Haikuwa kosa lako na hungeweza kuisikia," alisema.

Ugonjwa ulikuwa umeshaenea. Tulirudi na dawa za kutuliza maumivu, na Sista Medius alizipeleka mwenyewe kwa pikipiki kila zilipokaribia kwisha, mvua au jua. Mama Nyota alifia kitandani kwake, dada yake akiwa pembeni.

Nililia, ndiyo. Lakini baada ya kulia kuna jambo halikuniacha, na nataka mlisikie vizuri kwa sababu ndilo lililonifanya nibaki kazini miaka yote hii. Miaka kumi! Kumi na tano! Malaria inakuua wiki hii hii. Kipindupindu hakikupi hata siku mbili. Ugonjwa huu unatupa muda wote huo, na sisi tulikuwa tunangoja mpaka mwisho ndipo tuamke! Nilimwambia Sista Medius tukiwa tunafua mashuka ya zahanati, naye akasimama na shuka linachuruzika.

"Ehe," akasema. "Yeye natembea pole pole. Sisi tunaweza kimbia."

Basi tukaanza kukimbia, ingawa bado hatukuwa na njia. Kitu pekee tulichokuwa nacho ni maneno, na maneno ni idara yangu. "Shingo ya kizazi" nililiacha, nikachukua "mlango wa kizazi", kwa sababu kila mwanamke aliyezaa anajua kuna mlango unaofunguka. Siku za kliniki ya wajawazito nilikuwa nakuja na parachichi. Nalishika upande mwembamba ukiwa chini, nasema: hiki ndicho kizazi, hapa juu mtoto analala, hapa chini palipochongoka ndio mlango, na kirusi kinapenda kukaa hapa mlangoni. Wanawake walicheka mpaka wakashika viuno. Kwa muda mrefu sokoni mtu akinunua parachichi, muuzaji alimwuliza anataka kizazi kikubwa au kidogo. Sikujali. Walikuwa wamekumbuka.

Walikuwa na maswali mazuri kuliko ya shule nyingi. Kirusi hiki ndicho cha ukimwi? Hapana, ni kingine, ila mwenye virusi vya ukimwi hushindwa kwa urahisi zaidi kukifukuza, kwa hiyo yeye apimwe mapema na mara nyingi. Ndicho kinacholeta vinundu sehemu za siri? Ni cha ukoo huo huo, ndugu zake. Wale wa vinundu wanaudhi lakini si wao wanaoleta saratani. Mtu akioga vizuri kinatoka? Hakitoki. Kila jibu nilikuwa nimelidai kwa Sista, naye akalidai kwa madaktari wa Mbarara, na wiki ambayo jibu lilikawia nilitembea kama mwenye njaa.

Mwaka 2008 Sista Medius aliingia kazini Jumatatu moja akipiga makofi. Alikuwa ametoka kwao, na barabara ya kwao inaendelea mpaka Ibanda. Kule Ibanda wameanza kuwachanja wasichana wa shule kwa majaribio, alisema, chanjo ya kirusi chetu! Mtoto wa dada yake amechomwa sindano, mkono umemuuma siku moja, basi, anaruka kamba. Tulikumbatiana katikati ya foleni. Mzee mmoja aliyekuja na jino linalouma alituuliza nani kaolewa.

Sisi hatukuipata mwaka ule, wala uliofuata. Kilichotufikia kwanza ni upimaji wa siki. Sista Medius alifundishwa Mbarara, akarudi na taa, vifaa vya chuma, pamba na chupa ya siki ya dawa. Nawaeleza wale ambao hamjaushuhudia: muuguzi anafungua, anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anangoja dakika moja hivi. Ngozi nzima inabaki rangi yake. Ngozi iliyoanza kuharibika inageuka nyeupe, macho yako yakiona. Hakuna kupeleka kitu maabara na kungoja mwezi. Unaona sasa hivi!

Siku ya kwanza walikuja wanawake wengi, wakajaza benchi, na hakuna aliyeinuka. Kila mmoja alimtazama jirani yake. Basi nikapanda kitandani mimi. Hapo ndipo tulipogundua tatizo ambalo hatukuwa tumelifikiria: mkalimani amelala, sasa nani atatafsiri? Sista Medius ikabidi aseme mwenyewe.

"Fungua miguu! Hapana kaza! Legea!"

"Sista," nikasema nikitazama dari, "mtu halegei kwa amri."

Nje ya pazia nilisikia benchi zima likiangua kicheko. Nilipotoka nimekunja kitenge changu, mzima, nikakuta watatu wamesimama tayari.

Miongoni mwa waliofuata, miezi kadhaa baadaye, alikuja Faida. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mama wa watoto wawili, mkubwa wao msichana anayeitwa Bora. Mume wake, Byamungu, alikuwa shemasi na muuza dagaa na mafuta ya mawese. Faida hakuwa na dalili yoyote. "Mama Sifa, mimi siko mugonjwa," aliniambia. "Nilikuja tu juu benzangu banakuja." Sista Medius akapaka siki, akangoja, akasogeza taa. Akaniita kwa kidole niangalie, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Palikuwa na doa jeupe, limekaa wazi kama chokaa.

Nilimweleza Faida kama nilivyoelezwa: si saratani, ni ngozi iliyo njiani, na Mbarara kuna mashine ya kuigandisha ikafa, ngozi mpya ikaota. Faida alisema hawezi kwenda bila mume wake. Byamungu alikuja kesho yake amevaa koti la kanisani, tukapanda gari mpaka Mbarara.

Daktari safari hii alikuwa mwanamke kijana. Alieleza kila kitu kwa utaratibu, nami nikapeleka. Byamungu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia bila kumtazama mke wake:

"Muulize docta. Hii kitu ni nani aliileta mu nyumba yangu? Ni mimi ao ni yeye?"

Faida alishikilia ncha ya kitenge chake. Nilikuwa nimekaa nyuma ya bega lake. Nililipeleka swali lote, bila kulipunguza makali, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa.

Daktari hakushtuka. "Haijulikani," alisema, "na hakuna kipimo duniani cha kujua. Huenda ni mmoja wenu kabla hamjaonana, kikakaa kimya miaka yote hiyo. Ni sawa na kuniuliza mafua ya mwaka juzi uliyapata kwa nani. Mimi naweza kukuambia kitu kimoja tu: umemleta mapema. Leo tunatibu, na anarudi nyumbani kwa miguu yake."

Byamungu akamgeukia daktari. Kisha akauliza kama na yeye apimwe. Daktari akamwambia wanaume hawana kipimo cha namna hiyo, kazi yake yeye ni nyingine: kumwacha mke wake apone, wasilale pamoja kwa mwezi.

"Mwezi muzima?"

Hilo sikulitafsiri, daktari alishacheka. Faida naye akacheka, kwanza kidogo, kisha sana, na Byamungu akajikuta anatabasamu ndani ya koti lake.

Tuliingia chumba cha matibabu. Kifaa chenyewe kina mpini kama bunduki na bomba linalotoka kwenye mtungi wa gesi. Ncha yake ya baridi inawekwa kwenye lile doa dakika chache, inaachwa, inawekwa tena. Faida alisema tumbo linavuta kama siku za mwezi, basi. Nusu saa haikupita alikuwa amevaa viatu. Mnajua nilivyosikia? Barabara ile ile, hospitali ile ile niliyotoka na Mama Nyota na mfuko wa dawa za maumivu! Sasa natoka na mwanamke anayeniuliza kama tunaweza kusimama tununue gonja, zile ndizi za kuchoma. Tulisimama. Nilikula tatu.

Tulipofika Nakivale Byamungu alinivuta pembeni. "Mama Sifa, hii maneno ibakie hapa. Mu kanisa basijue. Batasema mingi." Nikamhakikishia kwamba kwangu yamezikwa. Faida alitokwa na majimaji wiki kadhaa kama alivyoonywa, akapona, akarudi kupimwa mwaka uliofuata, safi kabisa. Kisha akapata mimba, akazaa mvulana mwenye kichwa kikubwa. Kila nilipompita sokoni na mtoto mgongoni nilimsalimia kama ninavyomsalimia mtu yeyote, nikatembea mbele kidogo, ndipo nikacheka peke yangu kwa furaha.

Sasa nafika mwaka huu. Habari zilikuja kwamba Uganda nzima inaanza kuchanja wasichana wa miaka kumi, dozi mbili, ya pili miezi sita baada ya ya kwanza, na Nakivale imo. Sista Medius alicheza, nawaambia, alicheza kwenye korido, magoti na yote. Mtu akapita mitaani kwa baiskeli na kipaza sauti akitangaza "sindano ya kukinga mlango wa kizazi". Alitangaza vizuri, sina lawama. Lakini maneno yakipita masikio mengi hubadilika, na tangazo lilipofika Rubondo, upande mwingine wa kambi, halikuwa tena kukinga. Lilikuwa "sindano ya kufunga mlango wa kizazi".

Mkisikia mlango wa kizazi wa binti yenu unafungwa, mtafanya nini? Wazazi walianza kuwaficha watoto. Wengine walisema ni njama ya kumaliza uzazi wa wakimbizi. Mwalimu mkuu wa shule akatuita tuongee na wazazi kabla ya siku yenyewe, la sivyo, alisema, mtamchanja mwalimu peke yake.

Uwanja ulijaa. Wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine na nyuma. Sista Medius alikuja na wageni wawili wa chanjo kutoka mjini. Yeye alisema, mimi nikatafsiri, na maswali yakaja kama mvua ya mawe.

"Juu ya nini sisi bakimbizi?" aliuliza baba mmoja.

Si ninyi peke yenu, tukajibu. Mbarara mjini wanachanjwa, Nyamitanga kwa masista wanachanjwa, Endiinzi kwa wafugaji wanachanjwa, hata binti za wauguzi.

Bibi mmoja akasimama na fimbo yake. "Munasema kirusi kinatoka ku kulala na bwanaume. Mutoto wa miaka kumi anajua bwanaume wapi?"

Swali hilo nililipenda sana! Ndiyo maana yenyewe, bibi, nikamwambia baada ya Sista. Sindano hii haifukuzi kirusi kilichokwisha kuingia. Inaufundisha mwili kukitambua mapema, ili siku atakapoolewa, miaka mingi mbele, kikija kikute mwili uko tayari. Tukingoja aolewe tumechelewa. Bibi akakaa, hakuridhika lakini amekaa.

Kisha akainuka mwanamume mmoja mwenye kofia ya nyasi, na huyu hakumwuliza Sista.

"Mama Sifa, wewe uko mutu wetu. Acha kwanza ya kutafsiri. Wewe mwenyewe, ulisha kuona hapa Nakivale mutu mwenye hii kirusi kilimuharibu, bakamutibu, akapona, na akazaa tena? Utuonyeshe mumoja tu."

Na mimi nilikuwa naye! Alikuwa ameketi mstari wa tatu upande wa wanawake, mvulana wake mwenye kichwa kikubwa amelala mapajani. Jibu lilikuwa limejaa kinywani mwangu na sikuwa na ruhusa ya kulitoa. Nilitazama chini. Sista Medius alikuwa amelielewa swali. Yeye ndiye aliyeniwekea sheria hiyo na yeye ndiye aliyeona inavyonikaba.

"Munaona," akasema mwenye kofia. "Hakuna."

"Iko," sauti ya mwanamke ikasema.

Faida alikuwa amesimama, mtoto begani. Alianza kwa sauti ndogo, akitazama miguu yake. "Ni mimi. Mimi Faida. Sikukuwa nasikia kuumwa hata kidogo. Bakanipima na siki, bakaona..."

Kutoka upande wa wanaume, mbali nyuma, mtu akapaza sauti:

"Sema kwa nguvu, Mama Bora! Huku nyuma hatusikie!"

Alikuwa Byamungu. Amesimama juu ya tofali, ana koti lake la kanisani, vichwa vyote vimemgeukia, naye anamtazama mke wake tu.

Faida akainua uso. Akasema kwa nguvu. "Bakaona fasi nyeupe ku mlango wa kizazi yangu. Kama bangeacha, ingekuwa kanseri. Bakanipeleka Mbarara na bwana yangu, bakaiua na baridi. Nikapona. Kiisha nikazaa huyu munaona." Akamwinua mtoto, mtoto akaamka, akaanza kulia kwa hasira ya usingizi, na watu wakacheka. "Hii sindano haifunge kitu. Bora atachomwa, asifike fasi mimi nilifika. Mwenye anataka kuniuliza aje kwangu, anajua nyumba."

"Yeye nasema nini?" Sista Medius alinishika mkono, maana Kiswahili cha Faida kilikwenda mbio kuliko chake, na wale wageni wawili pia walikuwa wananingoja.

Nikatafsiri. Nilisema "mimi", kama nilivyofundishwa: mimi Faida, sikuwa nasikia maumivu, walinipima. Sauti ilikuwa inaruka na sikuweza kuishusha. Nilipomaliza, Sista Medius alikuwa anafuta macho kwa kofia yake. Yule bwana wa kofia ya nyasi alivuka uwanja, nikadhani anaondoka, kumbe amekwenda kumwuliza Byamungu kitu. Waliongea muda mrefu. Sijui waliongea nini na sikuuliza.

Siku ya chanjo ilikuwa siku yangu ya mwisho kazini. Nawaachia mambo machache ya kufanya kwa mikono, kwa kuwa ya mdomo mnayajua. Kisanduku cha baridi kikae kivulini na kisifunguliwe funguliwe. Msichana akae chini anapochomwa, na akae robo saa baadaye, kwa sababu mmoja akizimia kwa woga, watano wanamfuata. Waambieni mkono utauma na huenda homa ndogo ikaja. Waambieni dozi ya pili ni lazima, miezi sita, na hiyo ni kazi yenu, mimi nitakuwa shambani. Na waambieni ukweli wote: sindano inazuia aina mbaya zaidi za kirusi, si aina zote, kwa hiyo wakiwa wanawake waje wapimwe hata kama walichanjwa.

Walikuja! Mistari miwili, sare zimefuliwa, wengine wamesuka nywele kama wanakwenda arusini. Alikuja hata binti wa bwana wa kofia ya nyasi, akiwa na kofia yenyewe kichwani. Bora alikuwa katika wa kwanza. Hakulia, alifunga jicho moja tu, la pili lilikuwa linaangalia sindano. Alipokwenda kukaa robo saa yake, nyanya yake, mama wa Byamungu, alikuwa amekuja kumtazama. Yule mama anajua Kifuliiru tu, lugha nyingine ninayoitafsiri. Sista Medius akapita, akampa Bora maelezo yake kwa Kiingereza cha shule, haraka haraka, akaenda kwa msichana mwingine. Nyanya akageuza macho huku na huku akitafuta mtu wa kumwambia kilichosemwa.

Niliinuka kwenye benchi. Nilipofika karibu, Bora alikuwa ameshaanza. Alimshika nyanya yake goti, akamweleza kwa Kifuliiru safi: kwamba kuna kirusi, kwamba kinakaa mlangoni mwa kizazi miaka mingi bila kuuma, kwamba mkono wake sasa unaufundisha mwili kukijua, kwamba atarudi baada ya miezi sita kwa sindano ya pili, na kwamba akiwa mkubwa atapimwa vilevile, na atazaa watoto wengi kadiri apendavyo, au asizae, ni shauri lake. Nyanya aliuliza swali. Bora akalijibu.

Nilisimama pale nikingoja akosee neno moja tu, nimsaidie. Hakukosea. Nikarudi kwenye benchi, nikakaa.